Sifuri za Mama Chekeche

Ukimtafuta kwa jina lake la kwenye vyeti pale kituo cha utafiti wa bahari, utazunguka mpaka miguu iote malengelenge. Hakuna anayelijua. Sema "Mama Chekeche" uone. Hata mlinzi wa getini, ambaye kwa kawaida hajui kitu wala hataki kujua, atakunyooshea kidole: chumba cha mwisho, mlango wa kijani, na angalia usipige teke ndoo za watu.

Kazi yake ilikuwa kutafuta minyoo kwenye mchanga wa bahari na kuwahesabu. Haya, chekeni mmalize. Mumewe, fundi saa, alicheka mwaka mzima wa kwanza. Wageni wakija nyumbani aliwaambia, "Mke wangu huyu ni karani wa sensa, ila watu wake hawana vichwa." Naye Mama Chekeche, ambaye hajawahi kukosa jibu tangu azaliwe, alimrudishia papo hapo: "Wanavyo, baba watoto. Kisicho na kichwa ni ile saa ya jirani uliyomrudishia inakwenda kinyumenyume."

Aliingia pale kama mfagizi. Siku moja Daktari, mkuu wa utafiti, alimkuta ameinama juu ya sinki, ufagio kwapani, anamkodolea macho mnyoo aliyesahauliwa kwenye kisahani. "Huyu anapumulia haya manyoya ya kichwani," alisema bila hata kugeuka. Wiki ile Daktari alikuwa na wanafunzi watatu wa chuo kikuu, na wote watatu walikuwa wamekipita kisahani hicho kama hawana macho. Jumatatu iliyofuata Mama alinyang'anywa ufagio, akapewa chekeche.

Chumba chake kilikuwa na sinki mbili, hadubini ya zamani iliyofungwa utepe mweusi shingoni, rafu ya ndoo nyeupe zenye namba, na mabomba mawili ukutani. Bomba la kushoto lilitoa maji ya bahari yaliyovutwa kwa pampu. La kulia lilitoa maji ya kawaida, ya kunawia mikono na kuoshea sakafu. Amri ilikuwa moja: maji ya kulia yasiguse mchanga hata kidogo. Mnyoo wa baharini ukimtia maji yasiyo na chumvi, anavimba, anapasuka, na wewe huna tena cha kuhesabu. Mama Chekeche aliishika amri hiyo kama kiapo. Mwanafunzi aliyewahi kunyoosha mkono kuelekea bomba la kulia alipigwa kofi la kiganja, na alikuwa mtu mzima mwenye ndevu.

Kazi yenyewe ilikwenda hivi. Unachukua ndoo ya mchanga, unatia maji ya bahari, unakoroga kwa nguvu. Mchanga ni mzito, unazama. Minyoo ni wepesi, wanaelea. Unayamwaga yale maji haraka juu ya chekeche lenye matundu madogo kuliko ncha ya sindano, na kilichobaki juu ya chekeche ndicho unachokipeleka kwenye hadubini. Mchanga uliobaki ndooni hauna kazi, unarudishwa ufukweni. Mwongozo ulisema koroga mara tano. Mama Chekeche alikoroga mara kumi. Mkono alikuwa nao! Daktari alikuwa akisema kwa fahari kwamba mnyoo aliyemtoroka mama huyu bado hajazaliwa.

Sasa, ufukwe wenyewe uligawanyika mara mbili kwa mwamba. Upande mmoja ni ghuba iliyotulia, yenye mchanga laini unaokaribia kuwa tope. Huko minyoo walikuwa tele, na Mama aliwajua kama anavyowajua majirani wa mtaani kwake: wale wanaojijengea nyumba za mchanga na kukaa ndani wakichungulia, wale wenye miguu mia na hasira za bure, wale wanaomeza tope upande huu na kulitoa upande wa pili limesafishwa. Upande mwingine waliuita Upande Wazi. Huko hakuna kinga. Wimbi linatoka mbali, linainuka, linajibwaga juu ya mchanga mkubwa mkubwa kwa kishindo kinachotikisa vioo vya kituo, kisha linarudi likiburuta nusu ya ufukwe. Mchanga wa pale haukai mahali pamoja hata kwa dakika moja. Nani angejenga maisha mahali pa namna hiyo?

Kila mwezi, kwa miaka kumi na sita, Mama alichekecha mchanga wa Upande Wazi. Na kila mwezi aliandika sifuri. Hakuona haya kuziandika, tena alizionea fahari. "Mtu yeyote anaweza kuandika namba," alimwambia mumewe. "Kuandika sifuri kunataka mtu mwaminifu."

Mwaka wa kumi na saba, zikiwa zimebaki siku kumi astaafu, sifuri hizo zikapata kazi. Kampuni moja ya ujenzi ilikuwa imeomba kuchimba mchanga wa Upande Wazi, wote, mpaka mwamba uonekane. Kamati ya mji ilikuwa ikutane Alhamisi saa nne asubuhi, na swali lilikuwa moja tu: pale pana uhai au hapana? Kama hapana, malori yanaingia. Daktari alikuwa ameshaandika ripoti. Ukurasa wa kwanza aliweka shukrani: hesabu zote za miaka kumi na sita ni kazi ya mikono ya mama mmoja, na hajawahi kuona mikono ya kuaminika zaidi. Alimwonyesha. Mama alisoma mara tatu, akasema ana mafua, akatoka nje kupenga.

Ilibaki ndoo moja ya mwisho kujazia jedwali. Jumatano baada ya chakula cha mchana akaiweka kwenye sinki, akafungua bomba la kushoto. Bomba likakohoa, likatema matone mawili, likanyamaza. Pampu imekufa. Fundi wa pampu, akasema mlinzi, amekwenda harusini.

Mama akasimama pale, mikono kiunoni. Kushuka ufukweni na ndoo, na goti lake bovu, halafu kupanda tena? Na kwa ajili ya nini, sifuri? Akalitazama bomba la kulia. Nawaambia ukweli, mwanamke huyu hakuwahi kuvunja amri ile hata siku moja. Lakini alikuwa na uhakika. Uhakika wa miaka kumi na sita. "Hamna wa kupasuka humu," akajisemea, akafungua.

Akakoroga kidogo tu, shingo upande, mara tatu. Akamwaga juu ya chekeche. Akakung'uta kilichobaki kwenye kisahani, akakisukuma chini ya hadubini huku mkono mwingine ukiwa tayari na kalamu, tayari kwa sifuri yake.

Kisahani kilikuwa kinatembea.

Akajiondoa kwenye hadubini, akafuta kioo kwa kanga, akarudi. Wapo! Nyuzi. Nyuzi nyembamba za rangi ya chai ya maziwa, nyingine ndefu kama ukucha, nyingine fupi kuliko kope, zinajipinda, zinajinyonganyonga, zimejaa kisahani kizima. Kila uzi una kichwa. Kila kichwa kina macho mawili madogo mekundu, na mbele ya macho mikono miwili mirefu inayopapasa huku na huku. Mama Chekeche akahisi nywele zinamsimama. "Mungu wangu," akasema kwa sauti, peke yake chumbani. "Mungu wangu, nyie ni akina nani?"

Ndipo akaona kwamba wanavimba. Maji! Anawaua!

Goti gani tena! Mama wa watu akakwapua jagi, akapita getini mbio mpaka mlinzi akadhani kuna moto, akashuka ngazi za mawe za kwenda ufukweni mbilimbili, akajitosa mpaka magotini, akachota. Wimbi likampiga mgongoni, nusura limwangushe. Akapanda. Akafika anahema, akawamiminia maji ya chumvi polepole, akainamisha jicho. Wengine walikuwa wameshapasuka. Lakini wengi wakatulia, wakanyooka, wakaanza kufanya jambo lililomfanya aache kuhema.

Humo kisahanini mlikuwa na punje chache za mchanga. Mnyoo mmoja akairudia punje kwa mkia. Mwishoni mwa mkia wake palikuwa na vidole viwili vidogo. Akavigusisha kwenye punje, vikanata. Mama akachukua bomba la kudondoshea matone, akampulizia maji. Mnyoo hakung'oka. Akapuliza kwa nguvu zaidi. Mnyoo akajikunja, akanata kwa mwili mzima. Akapuliza kwa nguvu zake zote mpaka punje yenyewe ikabingirika kisahani kizima, na mnyoo yuko nayo, kaing'ang'ania, anabingirika nayo.

Mama akakaa kwenye kigoda. Alielewa yote kwa mara moja, na yalimwingia kwa uzito mpaka akashika ukingo wa sinki.

Miaka kumi na sita alikuwa anakoroga kama wimbi. Na hawa, kitu pekee wanachokijua kuliko viumbe wote wa ufukwe ule, ni wimbi. Minyoo wa ghuba ukiwakoroga wanaelea, maana hawajazoea vurugu. Hawa ukiwakoroga wanashika. Ukizidisha, wanazidisha. Kadiri alivyojitahidi kuwatafuta ndivyo walivyojishikiza chini ya ndoo, kwenye mchanga ule usio na kazi. Akajiona mwezi baada ya mwezi akiwabeba kuwaleta, akiwabeba kuwarudisha, maelfu kwa maelfu wazima, na huku mkononi ana daftari lililoandikwa hamna mtu. Maji ya bomba ndiyo tu yaliyowashtua wakaachia, kwa sababu maji ya bomba si wimbi. Ni kitu wasichokijua.

Nyumbani jioni ile hakuimaliza hata nusu ya sahani. Mumewe, aliyekuwa ameinamia saa yake mezani, kioo cha kazi kikiwa bado kimebanwa jichoni, akamtazama kwa jicho lile lile kubwa.

"Kuna nini, mama watoto? Umehesabu mnyoo mmoja mara mbili?"

Akamweleza. Safari hii fundi saa hakutia utani. Alikitoa kioo jichoni.

"Kwa hiyo ukinyamaza?"

"Kesho malori yanapewa ruhusa, nami nastaafu na shukrani zangu ukurasa wa kwanza."

"Na ukisema?"

"Madaftari yangu kumi na sita yanakuwa karatasi za kufungia karanga. Na Daktari naye, kila alichokiandika juu ya ufukwe ule kimesimama juu ya sifuri zangu. Nitamwaibisha mtu aliyenitoa kwenye ufagio." Akaisukuma sahani kando. "Mimi nilikuwa najisifu, baba watoto. Unakumbuka nilivyokuwa najisifu?"

"Nakumbuka sana. Ulikuwa unanichosha." Akamsogezea glasi ya maji. Kisha akauliza, kwa sauti ya mtu anayeulizia jambo la kazi, "Hivyo vidole vya mkiani, vinanata kwa gundi?"

"Gundi yao wenyewe. Wanainatisha na kuibandua wakitaka, haraka kuliko unavyopepesa."

"Kwenye punje inayobingirika."

"Kwenye punje inayobingirika, baharini, usiku na mchana."

Fundi saa akatikisa kichwa. Maisha yake yote alikuwa ameshughulika na vitu vidogo vinavyokwenda, akijua ugumu wa kuvifanya viendelee kwenda vikiwa vimekaa salama ndani ya kifuniko. "Jamani," akasema. "Jamani, jamani." Mama hakuhitaji lingine. Alikuwa amekata shauri.

Alhamisi saa moja na nusu alimsubiri Daktari mlangoni. Daktari alikuja na koti la mkutano na viatu vinavyong'aa, ripoti kwapani. Mama hakumsalimia vizuri. Alimshika mkono wa koti, akamkalisha kwenye hadubini.

Daktari alitazama. Akarekebisha kioo, akatazama tena. Alipoinua kichwa, uso ulikuwa umemshuka.

"Umewatoa wapi?"

"Ndoo ya Upande Wazi. Nilitumia maji ya kulia, Daktari. Nilivunja amri kwa sababu nilikuwa na hakika ni tupu. Walikuwemo siku zote. Nilikuwa nawakoroga, wananata, nawatupa."

Daktari akavua miwani. Alikuwa mtu mpole, na mtu mpole akiogopa anakuwa mpole zaidi. "Ndoo moja tu, mama yangu. Labda ndoo ilichanganyika. Labda ni ya ghuba. Tukisimama mbele ya watu na ndoo moja tukafuta miaka kumi na sita, watatucheka. Tupeleke ripoti ilivyo, halafu mwakani turudie kwa utaratibu."

"Mwakani ufukwe hautakuwepo."

"Mama..."

"Daktari, mimi ndiye niliyekuambia hamna, ukaniamini. Leo nakuambia wapo. Umechagua kuamini lile nililokosea?"

Daktari alitazama saa ukutani: saa mbili kasorobo. Kisha akainama akakunja suruali ya mkutano mpaka magotini.

Walishuka wote wawili na mrija wa kuchukulia mchanga na ndoo tano. Maji yalikuwa yamekupwa lakini mawimbi hayakuwa na habari hiyo, yalikuwa yanajibwaga vile vile. Walichukua juu, katikati, na chini kabisa pale povu linapogeukia. Daktari alipigwa na wimbi mpaka kifuani na kiatu kimoja kilichukuliwa, hakikuonekana tena. Mama alicheka kwa sauti, kicheko cha kwanza tangu jana. Kisha chumbani, kwa maji ya bomba, haraka, na kuwarudisha kwenye chumvi kabla hawajaumia. Ndoo ya kwanza, wapo. Ya pili, wapo. Ya nne ilikuwa na majike waliojaa mayai, unayaona kupitia ngozi, yamepangwa mstari. Ya tano, ile ya chini kabisa ambako wimbi linaua hata konokono, ndiyo iliyokuwa na wengi kuliko zote.

Daktari alikaa sakafuni na suruali yake iliyolowa. "Kila wimbi linapita katikati yao," akasema polepole. "Linaingia mchangani chafu, na hawa wanapapasa, wanakula, linatoka safi. Bahari yote ile, mama. Na chini yake walikuwepo wafanyakazi, nami nimekuwa nikiwafundisha watu kwa miaka kumi na sita kwamba pale ni jangwa." Mama akaona machozi, akajifanya kuosha chekeche.

Kwenye mkutano walifika wamechelewa, wamebeba hadubini, mmoja na kiatu kimoja. Watu tisa walikuwa wamezunguka meza ndefu, mwenyekiti wa kamati, mwanamke mwenye sauti kavu, akiwa kichwani mwa meza, na mhandisi wa kampuni pembeni na ramani zake. Daktari alieleza. Mhandisi alisikiliza mpaka mwisho, tena kwa adabu, kisha akauliza swali ambalo hata mimi ningeliuliza.

"Miaka kumi na sita kituo chenu kimesema hakuna kitu. Leo asubuhi mnasema pamejaa. Tuamini lipi?"

Daktari alifungua kinywa. "Palikuwa na hitilafu ya kimbinu ambayo..."

Mama Chekeche akasimama. Hakuna aliyemwomba.

"Amini la leo, mwanangu. Lile la miaka kumi na sita niliandika mimi. Hakuna mbinu iliyokosea, ni mimi. Niliandika hakuna, na nilichopaswa kuandika ni kwamba sijaona. Siku zote nilidhani ni kitu kimoja." Akaegemea meza. "Nimewaletea hapa. Msiniamini mimi, sistahili. Waangalieni wenyewe."

Hadubini ikawekwa mezani juu ya ramani za watu. Mwenyekiti alitangulia. Aliinama, na wote waliokuwa chumbani waliona mgongo wake ukinyooka ghafla, kisha ukainama tena polepole. Alikaa pale muda mrefu mpaka wengine wakaanza kukohoa.

"Anashika nini?"

"Punje ya mchanga, mwenyekiti."

"Na punje imeshikwa na nini?"

"Haijashikwa na kitu," akasema Mama.

Walitazama mmoja mmoja. Mhandisi alikuwa wa mwisho, akatazama mara mbili, kisha akaisogeza hadubini, akakunja ramani zake. Kamati haikusema hapana, msidhani dunia ni rahisi hivyo. Ilisema kwamba hakuna atakayechimba hata koleo moja mpaka ufukwe uhesabiwe upya, mwaka mzima, mwezi kwa mwezi.

Mchana ule Daktari alichana ukurasa wa kwanza wa ripoti. Mama alimkabidhi madaftari yote kumi na sita, yamefungwa kwa kamba, akamwomba aandike kwenye jalada la kila moja kwamba hesabu za Upande Wazi zilizomo zisitumike. Aliyaandika yote mbele yake.

Kisha Mama akafungua daftari jipya, akaivuta ile ndoo ya tano, akahesabu. Ilimchukua saa tatu. Alihesabu tena kutoka mwanzo, akapata ile ile. Kwenye safu ya Upande Wazi, kwa mkono uliokuwa na siku tisa tu za kazi, akaandika: mia nane na kumi na mbili. Akaiangalia namba. Mabega yakaanza kumtikisika.

"Mama," Daktari akasema taratibu, "unalowesha karatasi. Wino unatoka."

"Uache utoke," akasema Mama Chekeche. "Nitahesabu tena."